Tela Lililopungua Dhiraa Moja

Nilipoletewa habari kuwa Ussi kafa nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, na nazi niliimaliza kuikuna. Jirani yangu Salma alisimama mlangoni, ananitazama usoni kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. "Bi Zuhura, yule mtu wako kafa. Kazikwa jana Kitogani." Nikamwambia mimi sina mtu, na ningekuwa naye ningepata habari zake kabla yako wewe. Akenda zake kanuna. Alitaka machozi akayatembeze mtaani, na mimi machozi yangu siwapi watu wa kuyatembeza. Zaidi ya hapo, Ussi hakuwa mtu wa kuliliwa na mimi. Mwanamume aliyenikataa nikiwa nimeshapakwa liwa, siku tatu kabla ya arusi, nimlilie cha nini? Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni miaka yote, na nilikuwa nayo bado asubuhi ya pili nilipovaa, nikachukua mfuko wa sukari wa kupeleka msibani, nikapanda gari la Makunduchi. Njia nzima nilitazama upande wa kushoto, mpaka tulipokaribia Tunguu. Siku hizi pale pana duka la simu na mzigo wa mbao, na wanaopita hawajui kitu.

Mwaka wenyewe ni sabini na moja. Habari za nani kanizaa na kwa nini sikulelewa naye siwezi kuzisimulia bila kukasirika, kwa hiyo naziruka. Inatosha ujue kuwa nilikuwa nakaa Mkunazini kwa shangazi yangu, Bi Raya, ghorofa ya juu, katika chumba kinachotazamana na jirani karibu mno, hata akipiga chafya sisi ndio tunaomwombea rehema. Ilikuwa miaka ya foleni. Mchele foleni, unga foleni, sukari usiulize. Foleni nilisimama mimi. Kula tulikula sote, na kwanza alikula yeye. Chumba kile kwa kweli kilikuwa cha kitanda, sisi tulikuwa wageni wake. Kitanda cha marehemu bibi yangu, cha msaji, miguu imekerezwa, nguzo nne za chandarua, vioo vya maua kichwani, kirefu na kipana hata ukitaka kukipanda lazima ukanyage kibao. Bibi alikiacha kwangu kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwa sababu kwetu mwari hutoka na kitanda chake. Lakini aliyekilalia ni Bi Raya. Mimi nililala mkekani chini ya miguu yake, na kila baada ya sala ya alasiri nilimkanda miguu hiyo mpaka magharibi. Haikuwa na ugonjwa wowote ambao daktari aliwahi kuuona.

Ussi alikuwa fundi wa magari katika kikosi cha kutengeneza barabara. Alinichumbia kwa njia zake: kaleta wazee wake, wakala halua, wakanywa kahawa, wakasifu ukumbi. Alikuwa mrefu, mpole, mikono yake haitoki grisi hata aioshe kwa mchanga. Nilimpenda, naona nilitaje hilo waziwazi, maana mlio vijana mnadhani wazee walipendana kwa barua za wazazi tu. Shida ilikuwa kambi. Kikosi kilikuwa hakikai pahala; mwezi huu Mkokotoni, baada yake Jozani, baada yake Makunduchi, na mafundi wanalala kwenye maturubai pamoja na wavunja mawe. Mjini chumba hakipatikani, na kama kingepatikana, yeye angekuwa analala humo siku za sikukuu tu. Siku ya jibu Bi Raya aliketi ukumbini kwenye kiti chake, kanga yake ya pili mabegani, akamwambia kwa sauti tamu aliyokuwa nayo akitaka kumchinja mtu, "Mwanangu, mimi sina neno na wewe. Lakini mtoto wa Mkunazini hendi kulala turubaini. Mtoto huyu ni yatima, watu watanisema."

"Basi ntamjengea chumba kinachotembea," Ussi akasema. "Chumba cha mbao, na bati juu, na mlango wake na kufuli lake, kikae juu ya tela. Gari la kikosi likihama, litakivuta."

Alikuwa keshakiona. Zamani kulikuwa na Mzungu mmoja akivuta chumba cha namna hiyo nyuma ya gari yake akienda nacho pwani mandari, na Ussi aliwahi kumtengenezea breki. Alinyoosha vidole akaanza kutueleza, hapa dirisha, hapa rafu, hapa taa ya kuning'iniza. Nilikuwa nyuma ya pazia nasikia, na nadhani sijapata kufurahi vile tena. Bi Raya alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Jenga, mwanangu. Lakini kitanda cha mama yangu lazima kienee. Zuhura hatoki bila ya kitanda chake." Wazee wakaitikia kuwa hilo ni haki ya mwari. Na kwa desturi zetu ni haki, hakuna aliyeweza kusema kitu. Basi tela likawa halichaguliwi kwa gari litakalolivuta, wala kwa barabara, wala kwa mfuko wa Ussi. Linachaguliwa kwa kitanda.

Bi Raya alikipima mwenyewe. Alichukua kamba ya usumba, akaifunga fundo moja kwa urefu na jengine kwa upana, akaikunja akaitia kwenye pindo la kanga, tukatoka. Ungeziona siku zile ungecheka. Fundi mbele, bi mkubwa katikati na buibui lake, mimi nyuma nimemshikia mwavuli, tunakwenda kutazama vyuma. Miguu ile isiyoweza kushuka ngazi kwenda foleni ilitembea mpaka Mtoni.

Pale Mtoni, nyuma ya ghala, palikuwa na tela la kuvutia mashua. Mwenyewe alikuwa keshaondoka nchini, kamwachia mlinzi aliuze kwa chochote. Lilikuwa jepesi, fremu yake ni chuma kimoja kilichopindwa, hakina maungio, kimeliwa na kutu juujuu tu. Ussi alichuchumaa akazungusha gurudumu, akaweka sikio karibu na ekseli, akaniangalia mimi badala ya shangazi. "Hili ndilo," akasema. Bei alikuwa nayo mfukoni siku ileile. Bi Raya akatoa kamba yake. Akaiweka ncha yake mwanzo wa fremu, akaivuta, na fundo la urefu likaangukia nje, hewani, kiasi cha dhiraa moja. Alisimama vile kaishika ile kamba, anatutazama mmoja mmoja.

"Hiki chumba cha kuku," akasema. Mlinzi akacheka.

"Bi mkubwa, humu kinaenea kitanda cha kamba," Ussi akamwambia. "Sisi kitanda cha kamba kinatutosha. Hiki cha bibi kibaki kwako, tukija mjini tutakilalia."

"Kibaki kwangu? Watu waseme nimemdhulumu yatima kitanda chake?" Akaikunja kamba. Kitanda alikuwa anakilalia kila siku ya Mungu, na maneno hayo aliyasema macho makavu, na sisi tuliyameza.

Mahonda tulikwenda kutazama tela la trekta lililokuwa likibebea nazi. Kamba ilienea ikabaki. Lilikuwa zito, zima, mbao zake bado zina mafuta ya nazi ukizigusa. Mwenyewe alipotaja bei Ussi hakuijibu, alimuuliza habari za mvua. Tulirudi mjini, Bi Raya kapata hamu ya kula, akaninunulisha mkate wa mofa na samaki wa kukaanga akala njiani ndani ya gari akisifu upepo wa shamba. Nilimwangalia anavyotoa miiba mdomoni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na tayari nilijua kumchukia mtu taratibu.

Tulilopata mwisho lilikuwa Gulioni, kwa muuza vyuma chakavu aliyeitwa Kombo. Lilikuwa chesisi la lori, limekatwa katikati na kuungwa tena, halafu likapakwa lami kutoka mwanzo mpaka mwisho. Refu la kutosha, bei ya kutupa. Kombo alikula yamini kuwa aliyeliunga ni fundi wa melini. Ussi akachukua nyundo akaligonga kidogo kidogo. Mwanzoni lililia vizuri, mwishoni lililia vizuri, na pale katikati halikulia, lilisema du, basi. Akaligonga tena palepale. Bi Raya alikuwa keshatandaza kamba yake, na mafundo yote mawili yalikaa ndani. "Alhamdulillahi," akasema. "Limeenea. Sasa nani atasema namzuia mtu?" Ussi alibaki na nyundo mkononi. Akiliacha lile, hakuna jengine. Akilichukua, analijua lilivyo. Alilichukua.

Wiki ile ile nilikuwa jikoni napika muhogo, Bi Raya yuko ukumbini na somo yangu Bi Nunu, aliyekuwa akinifunda, wanakunywa chai kavu. Bi Nunu alikuwa mwanamke mwema mwenye hofu. Nilimsikia anauliza, "Lakini Raya, wanasema chuma chenyewe kibovu. Na kitanda kile kizito."

"Ndiyo kizito," shangazi akasema. "Mwache akivute. Kikikatika, itakatika na hiyo arusi. Mimi nshakuwa mtu mzima, Nunu, nani atanikanda miguu? Nani atanisimamia foleni? Nikikataa, watu watanisema. Chuma kikikataa, hakuna wa kumsema."

Niliacha muhogo ukaungua. Siku ya pili nilimfuata Ussi mpaka karakana ya kikosi, Saateni, nikamwambia neno kwa neno. Nikamwambia twende kwa kadhi, twende kwa wazee, tuchukue lile tela fupi tuoane na mkeka. Alinisikiliza huku anafuta mikono. "Nshanunua, Zuhura," akasema. "Na nikirudi na lile fupi, shangazi yako atasema nimeshindwa na sharti la mwari. Wazee wangu walishaitikia mbele ya watu. Ntalifunga vyuma pale katikati, ntalikaza." Alikuwa anaona haya. Wanaume wa kwetu wanaweza kufa kwa ajili ya haya, na wanawake zao wakafa kwa pembeni. Nilimkasirikia, naye akanivuta mkono akanionyesha alichokwisha kujenga.

Chumba kile nimekiingia mara mbili tu maishani na nakijua kuliko hiki ninachokaa. Mbao zilikuwa za masanduku ya mizigo ya bandarini, ukutani bado yanasomeka maandishi ya Kichina. Rangi ilikuwa ya kijani, ileile ya matingatinga ya kikosi. Madirisha mawili yenye vipande vya mbao vya kufungua na kufunga. Kilinukia rangi na mbao mbichi, na kule mwisho kitanda kilikuwa kimeshachorewa chokaa sakafuni, kinakula karibu chumba kizima. Kwenye pembe ya mlango alikuwa kakaza kibao chenye tundu la duara. Nikamwuliza cha nini. "Cha mtungi wako," akasema. "Ukae humu, maji yasimwagike tukiwa njiani." Tulikula muhogo wa kuchoma kwa pilipili, tumekaa kizingitini, miguu inaning'inia nje. Aliniambia Jozani asubuhi kima wanakuja mpaka mlangoni, itabidi nijifunze kuficha ndizi. Nilimwamini kuwa kile chuma kitashika. Hapana, sikuamini, nilikuwa na raha, na mtu mwenye raha haulizi.

Siku ya kupeleka vyombo mimi nilikuwa ndani, mwari hatoki. Wachukuzi walikishusha kitanda ngazini kipande kipande, wakakipeleka mpaka Darajani, tela lilikongojea kwa sababu vichochoro vyetu havilipitishi. Nilikaa mkekani mahali pa kitanda, chumba kimekuwa kikubwa ghafla, Bi Nunu ananipaka liwa usoni. Nilisikia kwa mbali vigelegele. Baadaye nikaambiwa kuwa kitanda kilipokwisha kuingia, Bi Raya alitazama akasema nafasi bado ipo, akaamrisha na kasha la vyombo vya shaba liingie. Ussi alisema hapana. Shangazi akamwuliza mbele ya watu kama anakataa mali ya mkewe. Likaingia.

Lilikwenda vizuri, kuelekea kambini Jozani, mpaka karibu na Tunguu, penye mashimo. Dereva alisema walisikia mlio. Ussi akamwambia asimame, akateremka, akaingia chini kwa mgongo kutazama pale katikati. Chesisi lilikatika yeye akiwa chini. Likajikunja kama kisu cha kukunja, likamkalia mguu wa kulia, pamoja na chumba, kitanda, kasha na shaba zake, na ilibidi watu wa shamba waitwe kuja kuliinua. Habari ililetwa na dereva mwenyewe, kasimama uchochoroni anapiga kelele juu, nami niko nyuma ya dirisha, liwa imeshakauka inanibana ngozi. Bi Raya alikuwa ukumbini. Alimsikiliza dereva mpaka mwisho, damu, mguu, hospitali. Kisha akamwuliza, "Na kitanda je?"

Kitanda hakikupata hata mkwaruzo. Kilirudi siku ileile, wachukuzi wakakipandisha, na kabla ya magharibi alikuwa amekilalia.

Mimi nilitaka kwenda hospitali. Alinifungia mlango, akasema mwari hatembei, aende yeye kwa niaba yangu kumpa pole. Akenda. Aliporudi alivua buibui, akaketi, akanyoosha miguu nikande, akasema, "Kakukataa. Kasema arusi yako ina nuksi, imemla mguu. Kasema urejeshe alivyokupa." Niliendelea kukanda. Nilirejesha kanga zake na pete yake, nikamtuma mtu, vikapokewa bila ya neno. Hilo lilinimaliza kuliko yote, kwamba alipokea bila ya neno. Posa nyengine zilikuja, na kila ikija Bi Raya aliitolea kamba yake ya namna hiyo, huyu mfupi wa nasaba, yule chumba chake kidogo, mpaka zikaacha kuja. Bi Raya aliishi miaka ishirini mingine. Alifia kitandani mwake, yaani mwangu, kashibishwa, kakandwa, kaoshwa na mimi, na watu walisema nimepata pepo kwa ajili yake. Siku ya arubaini nilihamia kitandani. Nalala katikati, pande zote mbili panabaki.

Kitogani nilipokelewa na mjane. Jina lake Bi Time, mdogo kwangu kidogo, mwanamke mpana wa uso mwema, kakaa eda, hatoki nje ya ua. Nilimpa mkono wa pole na mfuko wa sukari. Alinitazama akaniambia, "Wewe ndiye Zuhura wa Mkunazini," wala hakuuliza. Akaniletea wali wa nazi na mchuzi wa pweza, akakaa nami mpaka nikamaliza, akanisimulia Ussi alivyoumwa. Alichechemea mpaka mwisho, akasema, lakini alikuwa fundi mpaka mwisho. Kisha akasema, "Njoo nikuonyeshe banda la kuku."

Nilidhani huzuni imemgeuza akili. Uani, karibu na mpapai, lilisimama tela. Fupi. Magurudumu yake yameshaoza, yamewekewa mawe, lakini fremu ilikuwa imenyooka, chuma kimoja kisicho na maungio, na juu yake chumba cha mbao kilichopauka. Rangi ya kijani imebaki pembeni mwa madirisha. "Alipotoka hospitali alikwenda kulinunua," Bi Time akasema. "Alikuwa bado na mkongojo. Kanioa humu. Tumehama nalo kisiwa kizima, Mkokotoni, Makunduchi, Jozani wale kima wakituibia ndizi. Wanangu wote nimewazalia humu. Tulipojenga nyumba, kuku wakarithi."

Niliingia, nimeinama. Kuku wakatawanyika. Kitanda cha kamba bado kipo, kimejaa majani ya kutagia, na kimeenea vizuri kabisa, na pembeni panapita mtu. Kwenye pembe ya mlango palikuwa na kibao chenye tundu la duara. Nilitia mkono ndani ya lile tundu mpaka kiwikoni nikautoa.

"Hicho alisema cha mtungi," Bi Time akasema kutoka nje. "Mimi nilikuwa na ndoo, sikukitumia." Akasogea karibu na mlango. "Bi Zuhura, usinione mkosa adabu. Kuna neno nataka nikuulize nami nimo katika eda, nisibaki nalo. Yeye alisema shangazi yako alimwendea hospitali, mguu bado haujafungwa vizuri, akampa maneno yako. Kwamba huwezi kukaa na mume kiguru. Na akarejeshewa vitu vyake. Mpaka anakufa hakukusema vibaya, lakini hilo alikuwa nalo. Ulilisema kweli?"

Nilikuwa nimemkanda. Ile miguu iliyopanda ngazi za hospitali na uongo mmoja, ikashuka ikaniletea mwengine, niliikanda kila jioni miaka ishirini, na mafuta ya nazi nilikuwa nayapasha moto yasimuumize. Nilikaa juu ya ukingo wa kile kitanda cha kamba, ndani ya kinyesi cha kuku na buibui langu la msibani. Mdomo ulikuwa tayari kusema. Nje alisimama mwanamke aliyeishi na mtu miaka yote ile, kamzalia, kamzika juzi, na nikisema hapana, basi atajua kuwa aliolewa kwa sababu ya uongo wa bibi mmoja mvivu wa Mkunazini. Halafu atakaa nalo siku zote za eda, peke yake, ndani ya ua huu.

"Nilisema," nikamwambia.

Alivuta pumzi. "Basi Mungu akulipe kheri," akasema, na alikuwa anamaanisha. "Ungemkubali, mimi nisingempata."

Akainama akaokota mayai kutoka kwenye kitanda, yaliyokuwa karibu na mkono wangu, bado yana joto, akanifungia katika kitambaa nikale mjini. Nikayapokea, nikamshukuru, nikaenda kusubiri gari.